Ahadi ya Mtu kwa Nafsi Yake

Yako mashindano ya mbio siku hizi yasiyokimbiwa uwanjani wala barabarani, bali katika njia za porini, kupanda vilima na kuvuka vijito, maili 26 na yadi 385, na pengine zaidi. Mtu wa Goweko akisikia habari hii huuliza swali la haki: Nani amemtuma? Amebeba nini?

Swali hili lina asili yake. Katika karne ya 19 misafara ya Tabora na Bagamoyo ilipita katika miyombo ya upande huu wa mashariki. Wapagazi wa Kinyamwezi walichukua kila mtu mzigo wa ratili 60 au 70, pembe au nguo, na kijana asiyefika pwani alihesabiwa hajawa mtu mzima. Mpagazi akiutupa mzigo mwituni, kosa lake lilikuwa wazi: pembe ilikuwa na mwenyewe, na posho alikwisha kula.

Lakini mkimbiaji wa porini hana mzigo wa mtu. Akiketi chini ya mti katika maili ya 18, amemdhulumu nani? Wengine hunitajia John Stephen Akhwari, aliyeanguka akaumia goti katika mbio za Mexico, Oktoba 1968, akafika wa mwisho wa wote 57 waliomaliza, saa moja na zaidi baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia. Mfano huu ni mzuri, ila hautoshi. Akhwari alivaa jina la nchi yake kifuani. Alikuwa na mdai. Mimi nauliza habari za mtu asiye na mdai, aliye peke yake mwituni, wala hapana jicho limwonalo.

Huyu ameahidi nafsi yake. Wako wasemao kwamba hiyo si ahadi, kwa kuwa mdai na mdaiwa ni mmoja, na mdai aweza kusamehe deni lake wakati wowote apendao. Hoja hii ina nguvu, wala haivunjwi kwa neno moja. Lakini tazama ni nani asameheye. Aliyeahidi alikuwa amepumzika, ameshiba, ana akili tulivu. Anayesamehe ana kiu na malengelenge miguuni. Barazani, hakimu mwenye faida katika shauri huondolewa kitini.

Walakini kiburi nacho ni hakimu mwenye faida. Vijito vya pande hizi hukauka kiangazi, hata mtoto huvuka bila kulowa. Masika yakija, kijito kile kile huchukua mtu mzima. Aingiaye katika maji yaliyofurika, kwa kuwa tu alisema atamaliza, amejipenda kupita kiasi. Na ampitaye mwenziwe aliyeteguka mguu ili asipoteze dakika, simwiti mshindi hata akifika wa kwanza.

Basi kipimo changu ni hiki: Je, sababu hii ya kuacha ungaliikubali asubuhi, kabla ya kufunga kamba za viatu? Mto uliofurika, naam. Mwenzi aliyeumia, naam. Uchovu ulijulikana tangu asubuhi; ndio uliofuatwa. Goti linalouma liko katikati, kwani maumivu ya maili hii huenda ni uchovu, na ya maili ya tatu huenda ni kilema. Hapo mtu na atembee polepole hata mti ule wa mbele, kisha ajiulize tena.