Keti Kwanza Uhesabu, Ndipo Umpeleke Mtoto Chuo

Ndugu zangu mlioko Lexington, Dallas, Columbus, Des Moines, Portland ya Maine na popote Marekani ambako Kiswahili kimepiga hodi kikakaribishwa, neno la leo linatoka kwa yule mjenzi wa mnara katika Luka 14. Mtu yule hakuchekwa kwa kutamani mnara mrefu. Alichekwa kwa sababu alianza kujenga kabla ya kuketi na kuhesabu. Nasi kila mwaka tunaitana ukumbini, tunakata keki, tunampigia vigelegele kijana aliyepata nafasi ya kusomea biashara kwenye chuo chenye jina, na hakuna anayethubutu kuuliza: nani analipa? Miaka mingapi? Kwa riba gani? Nanyi ndugu Waislamu, msiiweke karatasi hii chini. Deni halibagui dini, na habari za riba mnazijua kuliko mimi.

Mtoto anataka kusomea biashara. Vema! Basi biashara yake ya kwanza ni kununua elimu yenyewe, na anayeinunua bila kuuliza bei ya mwisho amekwisha kufeli somo kabla ya kuingia darasani. Vyuo vya Marekani vina bei mbili, kama duka la vitenge Kariakoo: ile inayotajwa, na ile anayoondoka nayo mtu aliyejua kusimama akaongea. Sheria ya nchi inavitaka vyuo vyote vinavyopokea misaada ya serikali kuu viweke kwenye tovuti zao kikokotoo cha gharama halisi, na imekuwa hivyo tangu 2011. Ni bure. Wangapi kati yetu wamewahi kukifungua? Tunajua bei ya tiketi ya kwenda Nairobi kwa kila mwezi wa mwaka, lakini gharama ya miaka minne ya mtoto tunaiachia maombi.

Sasa sikieni jambo linalowashangaza wengi. Wharton, kitivo cha biashara kilichoanzishwa 1881 katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, gharama yake inayotajwa imepita dola 90,000 kwa mwaka. Chuo hicho ni kimoja kati ya vinane vya kundi la Ivy League, na vinane hivyo havitoi hata dola moja kwa sababu ya ufaulu pekee. Vinatoa kwa kuangalia uhitaji. Kwa hiyo mama unayefagia ofisi usiku, ukiwa na mtoto anayeng'ara kweli na mwenye grini kadi au uraia, usiikimbie bei ile. Akichaguliwa, huenda ukalipa kidogo kuliko kwenye chuo cha jimbo kilicho nyuma ya nyumba yako. Mwambie aombe!

Lakini wengi wetu hatuko hapo. Baba anaendesha lori la masafa marefu, mama ni muuguzi msaidizi mwenye shifti mbili, na kwenye karatasi za kodi mnaonekana watu wenye nacho. Fomu ya FAFSA, ile ya kuombea misaada ya serikali kuu, haina mstari wa kuandika ada ya mpwa aliyeko Morogoro, wala dawa za bibi Bukavu, wala bati la nyumba ya mjomba Kisii. Na tangu mwaka wa masomo 2024/25 haikupunguzii tena mzigo kwa kuwa na watoto wawili chuoni kwa wakati mmoja. Ninyi ndio ninaowahubiria leo. Mlango wenu unaitwa skolashipu ya ufaulu.

Na hiyo skolashipu ielewe vizuri. Si sadaka. Chuo kinachotaka kupanda sifa kinatafuta wanafunzi wenye alama zilizo juu ya wastani wake, na kiko tayari kuwapunguzia ada ili waje. Chuo chenye foleni ya kuzunguka jengo hakimpunguzii mtu. Kwa hiyo acha kuuliza, "Ni wapi watanipokea kwa shida?" Uliza, "Ni wapi mimi ni adimu?" Kijana anayeingia chuo fulani kwa kuponea chupuchupu hulipa bei yote. Kijana yuleyule, kwa alama zilezile, akienda anakowazidi wengi, huitwa kwa jina na kupunguziwa. Je, huo si uchumi wa soko ambao anataka kuusomea?

Chuo Kikuu cha Alabama, Tuscaloosa, kwa miaka mingi kimetangaza wazi jedwali la alama na kiasi cha fedha: mwombaji anasoma GPA yake, yaani wastani wa alama za shule, na matokeo ya mitihani ya ACT au SAT, anajua anachostahili hata kama anatoka jimbo jingine. Kitivo chake cha biashara, Culverhouse, kipo tangu 1919. Ninyi wa Texas, tazameni UT Dallas, chenye kitivo cha biashara cha Jindal na skolashipu kubwa za ufaulu. Na kwa walioko nje ya Texas, sheria ya jimbo hilo ina mlango wa ziada: asiye mkazi anayepata skolashipu ya ushindani ya angalau dola 1,000 anaweza kutozwa ada ya mkazi. Dola 1,000 zikafuta maelfu! Ninyi wa New York mna Baruch pale Manhattan, ambako ada ya mkazi ni dola 6,930 kwa mwaka, na anayeingia kupitia Macaulay, programu ya wanafunzi bora, halipiwi nusu bali hulipiwa ada yote. Na wa Kentucky, msikipite Chuo cha Berea bila kukitazama. Pale hakuna anayelipa ada tangu 1892, kila mwanafunzi anafanya kazi, na biashara inafundishwa. Pale, kwa haki, wanaangalia uhitaji kabla ya ufaulu, lakini singeweza kuinyamazia.

Wanangu, sasa nawageukia ninyi. Kuna mtihani wa Oktoba darasa la 11 unaoitwa PSAT. Sisi tuliosoma nyumbani tukisikia habari zake tunadhani ni moko, basi mnaingia bila kujiandaa, mmelala saa nane za usiku. Huo ndio mlango wa shindano la skolashipu la National Merit, na kuna vyuo vinavyompa anayefika fainali ada yote na zaidi! Mwenye uraia anaruhusiwa, na mwenye grini kadi anayekusudia kuwa raia pia. Jiandikisheni Septemba kwa mshauri wa shule. Msingoje kuitwa.

Mkishapewa skolashipu, ishikeni. Skolashipu nyingi hudai GPA isishuke chini ya 3.0, na mwaka wa kwanza wa biashara una hesabu na uhasibu usio na huruma. Nyingi pia ni kiasi kisichobadilika wakati ada inapanda kila mwaka. Ulizeni kama kitivo cha biashara kinampokea mtoto moja kwa moja au kitamchuja tena mwaka wa pili, maana wengine wamefuata biashara wakaishia kozi ambayo hawakuiomba. Ulizeni kama skolashipu ya nje itapunguza ile ya chuo. Na barua ya chuo ikija na kiasi kidogo, andikeni kwa adabu kuomba wafikirie upya, mkiambatanisha barua ya chuo kingine. Hawatawafukuza.

Anayewaambia atawatafutia skolashipu mkimlipa kwanza, mfungieni mlango. FAFSA ni bure. Kujaza ni bure.

Wazee wa kanisa na wa msikiti, hapa ndipo mahali penu. Kwa harusi tunachanga, kwa msiba tunachanga. Kwa chuo cha watoto tuchange muda. Fomu ya FAFSA hufunguliwa ifikapo Oktoba 1, na vyuo vingi hufunga dirisha la skolashipu kubwa kati ya Novemba na Desemba. Fungueni ukumbi kila Jumamosi ya Oktoba. Leteni kompyuta nne, intaneti, na vijana wawili waliokwisha kupita njia hii. Kila mzazi aje na karatasi zake za kodi, na kila mtoto na alama zake. Chai itapikwa na kamati ya kina mama, nimekwisha kuwaomba.