Siku Mbili Vasha

Mwaka jana mwezi wa Agosti nililipwa pesa za kazi ya kutafsiri iliyokuwa imekwama miezi mitatu. Nikalipa deni la dukani, nikatuma kitu nyumbani, nikabaki na 18,000. Kwa mtu anayeishi kwa kuandika, hizo ni pesa za kukupa kichaa kidogo. Mimi na mpenzi wangu tulikuwa tunatimiza miaka miwili. Nikaamua tutatoka. Siku mbili tu, sisi wawili, mbali na Nairobi.

Kama umewahi kupanga safari ya aina hii unazijua hesabu zake. Nilianza na Diani, kwa sababu kila mtu huanza na Diani. Treni ya Madaraka Express, viti vya kawaida, ni 1,500 kwa mtu mmoja, kwenda tu. Watu wawili, kwenda na kurudi, 6,000 zimeenda kabla hujaona bahari. Bado hujatoka Miritini hadi feri, na bado hujatoka Likoni hadi Diani. Nikafuta Diani. Nanyuki niliitaka kwa ajili ya mlima, lakini vyumba nilivyoviona vilikuwa vya watu wa mshahara. Ikabaki Vasha. Ni kilomita kama 90 kutoka Nairobi, matatu zinajaa Nyamakima kutwa nzima, na ukifika kuna ziwa, kuna viboko, kuna baiskeli za kukodi uingie nazo Hell's Gate. Tena tangu Safari Rally irudi kwenye mashindano ya dunia mwaka wa 2021, jina hilo limekuwa na maana yake kwetu vijana. Ukisema unaenda Vasha, hakuna anayekuuliza unaenda kufanya nini.

Nikapata chumba cha 5,000 kwa usiku kwenye barabara ya Moi South Lake, kifungua kinywa ndani ya bei. Nikamtumia picha, kitanda na ziwa likionekana dirishani. Akajibu: "Sawa."

Sawa yenye nukta. Aliyependa miaka miwili anajua uzito wa nukta ile.

Ninachoona aibu kukiandika ni kwamba nilijua kwao ni Naivasha. Nilijua amelelewa Karagita, kwenye vyumba vya kupanga vilivyobanana kando ya barabara hiyohiyo. Nilijua mamake amefanya kazi kwenye shamba la maua miaka 19, na karo yake, kuanzia shule ya msingi hadi siku aliyovaa joho, ilitoka huko. Lakini kichwani mwangu Naivasha ya mamake na Vasha ya viboko ilikuwa miji miwili tofauti.

Mamake hupanga mawaridi. Huyapima urefu wa shina, huondoa majani ya chini, huyafunga mafungu mafungu, glavu mkononi, amesimama. Kisha yanaingizwa kwenye baridi na kupandishwa ndege kwenda Ulaya, mengine yapite kwenye mnada wa Aalsmeer kule Uholanzi. Wiki za kabla ya Siku ya Wapendanao ndizo alizokuwa akirudi nyumbani watoto wameshalala. Mpenzi wangu aliniambia haya mapema, siku nilipomletea waridi moja nililonunua kwa muuzaji wa barabarani. Alilishika, akalitazama juu hadi chini, akasema, "Sentimita 40. Hii ilikataliwa." Nilicheka. Nilidhani ni mzaha tu.

Baada ya ile sawa nililala vibaya. Asubuhi nikajiona nimeelewa kila kitu. Zamani kidogo, kabla sijaacha chuo, nilisoma kitabu cha Jamaica Kincaid kuhusu Antigua, *A Small Place*, kinachomgeukia mtalii moja kwa moja na kumwonyesha asichotaka kukiona: kwamba pale anapopumzikia yeye, kuna watu maisha yamewabana palepale. Nikajiambia, basi mimi ndiye huyo mtalii. Nikapiga simu hotelini nikaomba warudishe pesa. Nikaandika meseji ndefu: samahani, sikufikiria, tutatafuta pengine, siwezi kukulaza kando ya ziwa huku mamako amesimama upande wa pili wa barabara. Niliisoma mara tatu kabla ya kuituma. Sitadanganya, nilijipenda.

Hakujibu kwa meseji. Alipiga.

"Nani alikwambia Naivasha ni kidonda?"

Nikanyamaza.

"Nimepita nje ya hiyo hoteli miaka minane nikienda shule. Nilikuwa nachungulia kwa geti. Leo naweza kuingia, halafu ni wewe unanifungia?"

"Lakini vile ulisema sawa..."

"Nilisema sawa nikimfikiria mathe. Siwezi kulala siku mbili karibu na kwake nisimsalimie. Na nikimsalimia, ataniuliza nimekuja na nani."

Hapo ndipo niliposhikwa. Mara ya kwanza nilichagua mahali bila kuuliza mahali hapo ni nini kwake. Hilo ni kosa la kawaida, kosa la uvivu. Mara ya pili nilikataa mahali hapo, tena bila kuuliza, kwa sababu nilikuwa nimeshaamua kwao ni pa kuhurumiwa. Kosa hili la pili ni baya zaidi kwa sababu limevaa nguo za wema. Mtu asiyeona uchungu wa mwenzake unaweza kumwonyesha. Lakini yule anayekupa uchungu usio wako, akakuonea huruma kwa huo, akufanyie na maamuzi juu yake, utamwanzia wapi?

Na chini ya kosa la pili kulikuwa na jambo lingine. Aliposema "ataniuliza nimekuja na nani", nilisikia tumbo likikaza, na nikajua nilivyofurahia kuifuta ile safari. Mimi niliacha chuo mwaka wa tatu. Nikisimulia watu husema ni karo, na kweli ilianza na karo. Lakini deni lilipopata mtu wa kulilipa, mimi sikurudi. Nilikuwa nimezoea kutokwenda. Sasa nifikirie nimeketi mbele ya mwanamke aliyesimama miaka 19 ili binti yake amalize, mimi niliyeondoka kwa miguu yangu mwenyewe. Ile meseji ndefu kuhusu mamake na barabara haikuwa inamlinda yeyote wa Karagita. Ilikuwa inanilinda mimi.

Tangu hapo najiuliza, tukitafuta mahali pa kwenda na mpenzi, huwa tunatafuta nini hasa? Picha zinasema tunatafuta ziwa, mchanga, machweo. Lakini machweo yako hata Roysambu, ukipanda juu ya ploti. Nadhani tunatafuta mahali pasipo na mashahidi. Mahali ambapo mimi si mtoto wa fulani aliyeacha shule, na wewe si kifungua mimba anayesubiriwa atume pesa ya gesi. Kwa siku mbili hatuna ukoo wala deni. Tuna jina moja tu, lile lililoandikwa kwenye kitabu cha wageni.

Sisemi ni vibaya. Anayeona ni vibaya hajaishi bedsita ambayo jirani akikohoa unamwambia pole kupitia ukutani. Mapenzi ya mjini yanaishi kwenye nafasi finyu, saa tatu usiku baada ya foleni ya Thika Road, mmoja ameshasinzia. Kuwa na siku mbili ambazo hakuna anayekuita ni hitaji halali, kama usingizi.

Ila kuna methali tunayoijua wote: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwalimu Nyerere aliitumia katika kijitabu chake cha Ujamaa cha mwaka 1962, akieleza kwamba katika jamii ya zamani kila mtu alitarajiwa kufanya kazi, hata mgeni. Mimi sasa naisikia na sauti nyingine. Jembe halikuwa adhabu. Lilikuwa njia ya kumwambia mgeni kwamba tumeanza kukuhesabu kama mtu wa hapa. Likizo ya wapenzi imepangwa makusudi ili siku ya tatu isifike. Mnaondoka kabla hamjapewa jembe. Ni sawa kwa likizo. Kwa mapenzi, sina hakika mtu anaweza kuendelea kuondoka siku ya pili maisha yake yote.

Tulienda Vasha. Kabla ya kusafiri alimpigia mamake, mimi nikiwa nasikia. Akamwambia anakuja na mtu, watalala hotelini Ijumaa na Jumamosi, Jumapili watakuja kwake. Kimya. Kisha mamake akauliza, "Hoteli gani?" Akamwambia. "Nasikia chai yao ni maji matupu," mamake akasema, na mazungumzo yakaisha hapo.

Jumamosi tulikodi baiskeli tukaingia Hell's Gate, tukapita kando ya Fischer's Tower, pundamilia wakitutazama kama tunaowachelewesha. Yalikuwa mambo yote niliyoyaona kwenye picha, na yalikuwa mazuri, siwezi kusema uongo. Lakini ninachokikumbuka zaidi ni chakula cha jioni. Kijana aliyetuletea menyu alisema "karibu madam" akiwa ameinamisha kichwa, kisha akainua macho. Walikuwa darasa moja shule ya msingi. Wote wawili wakasita. Yeye hakujua kama ainuke amsalimie, kijana hakujua kama ruhusa ya kucheka anayo, msimamizi akiwa pale pembeni. Mwishowe mpenzi wangu aliinuka, wakakumbatiana, wakaulizana habari za watu nisiowajua.

Baadaye aliniuliza, "Nimwachie tipu?" Tulikaa na swali hilo dakika nyingi. Ukimpa, umemfanya mtumishi wako. Ukimnyima, umemnyima pesa yake kwa kisingizio cha urafiki. Alimwachia, halafu akamwandikia namba yake ya simu nyuma ya risiti. Sijui kama ndiyo jibu sahihi. Najua ni swali ambalo mimi, peke yangu kwenye meza ile, nisingejiuliza. Ningeacha 100 nikaenda kulala. Na yule kijana angekuwa hapo vilevile, na mtu fulani angekuwa amekaa naye dawati moja.

Jumapili tukaenda Karagita. Mamake alitupikia samaki wa ziwa na ugali. Aliniuliza kwetu ni wapi, nikamwambia Webuye. Aliniuliza nafanya kazi gani, nikasema naandika. Akauliza, "Hiyo ulisomea wapi?"

Nilikuwa nimetayarisha jibu la kuzungukazunguka. Nikaliacha. "Nilienda chuo miaka mitatu, mama. Sikumaliza."

"Kwa nini?"

"Mwanzo karo. Baadaye ilikuwa mimi tu."

Alinitazama kwa muda. Hakusema pole, hakusema si neno. Aliendelea kula. Tulipomaliza akaninyooshea kidole mitungi miwili ya lita 20 iliyokuwa mlangoni. "Maji yameisha," akasema. "Huyu atakuonyesha mahali." Mpenzi wangu alicheka hadi akashika ukuta. Nilihesabu siku tukiwa njiani: Ijumaa, Jumamosi, Jumapili.

Sitaki ufikiri mambo yalimalizikia hapo. Kuchota maji si kukubaliwa, na mamake hadi leo huniita "yule wa kuandika". Wala sidai kila safari ya wapenzi iishie jikoni kwa mama wa mtu. Kuna watu ambao nyumbani kwao kweli ni kidonda, na kuwapeleka huko ni ukatili. Ila hilo watakuambia wao wenyewe, ukiuliza.

Kwa hivyo siku hizi nikiombwa ushauri, Vasha au Diani au Nanyuki, simuulizi mtu ana pesa ngapi kwanza. Namuuliza kama amemuuliza mwenzake: hapo ni wapi kwako? Kuna anayekujua? Ungependa akuone, au ungependa asikuone? Mtu akisema "nataka mahali nisipojulikana", hilo nalo ni jibu la kuheshimiwa.

Ndilo alilonipa mwaka huu. Anataka Diani, anataka bahari, hataki kukutana na mtu wa darasa lake. Nimeanza kuweka pesa za treni. Juzi tukizungumza kuhusu hilo, akaniuliza tu hivi, bila ubaya, "Na kwenu ni lini?"

Nikamwambia Webuye si mahali pa kumpeleka mtu likizo. Kuna maporomoko ya Nabuyole, kuna miwa, kuna kiwanda cha karatasi kilichofungwa mwaka wa 2009 na mji uliobaki ukikisubiri kwa miaka. Nani anaenda huko kupumzika?

Nilimaliza kusema, nikajisikia. Yeye alikuwa ameshasikia kabla yangu. Alisubiri tu, na mimi bado sijamjibu.