Je, Maumbile ni Udhuru?

Katika mabaraza yetu hapa Isiolo hurudiwa neno moja, na hurudiwa hata na watu wanaosali safu ya mbele. Akitajwa mwanamume aliyeoa kwa shangwe, akazaa, kisha akawaacha watoto wake walelewe na bibi yao au mjomba wao, husemwa: "Mwamlaumu bure, ndivyo mwanamume alivyoumbwa. Watazameni ndege na wanyama, nao hufanya vivyo hivyo." Neno hili ni jepesi ulimini, lakini uzito wake huwaangukia watoto. Kwa hivyo yatupasa tulipime: je, maumbile yaweza kumfungua mtu katika wajibu wake?

Kwanza na tulikubali lililo kweli, kwani haki haihitaji kusaidiwa na uongo. Huko Kinangop, katika nyanda za juu za Kenya, yuko ndege aitwaye kweche. Dume lake, unapofika wakati wa kutafuta majike, huwa jeusi na huota mkia upatao nusu mita, likaruka polepole juu ya nyasi ili lionekane. Mtaalamu wa Sweden, Malte Andersson, aliyakamata madume 36, akayakata baadhi yao mikia, na manyoya aliyoyakata akayabandika kwa gundi kwenye mikia ya mengine. Matokeo aliyoyatangaza mwaka 1982 yalikuwa wazi: yaliyorefushwa mikia ndiyo yaliyopata majike wengi zaidi. Gundi tu, na manyoya ya mwenziwe! Na dume huyo haatamii mayai wala halishi makinda. Kazi hiyo humwachia jike.

Na huku kwetu kaskazini yuko mlembe. Waborana wamjua tangu zamani. Wakitaka asali humwita kwa mluzi, naye huwatangulia mti hata mti mpaka penye nyuki. Hussein Isack wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, pamoja na Heinz-Ulrich Reyer, walilichunguza jambo hili, na mwaka 1989 wakaeleza kwamba mtafuta asali aliye katika nchi asiyoizoea alihitaji kwa wastani saa 8.9 kuwapata nyuki bila ya ndege, na saa 3.2 akiongozwa naye. Mtu huchukua asali, na ndege hupata nta. Lakini rafiki yetu huyu ndiye ambaye jike lake hutaga katika viota vya wengine, kama keremkerem, na hutoboa mayai ya mwenye nyumba. Kinda lake huanguliwa likiwa uchi na kipofu, nalo lina kulabu kali kwenye ncha za mdomo. Watafiti waliopiga picha ndani ya mashimo ya keremkerem huko Zambia, na uchunguzi wao ukachapishwa mwaka 2012, waliliona likiwauma makinda wenye nyumba mpaka wakafa. Na keremkerem, asijue lolote, huendelea kulilisha.

Basi mlembe ni mwema au ni mwovu? Swali lenyewe halisimami. Sheria yetu imemwondolea kalamu mtoto mdogo, aliyelala na mwenda wazimu, kwa sababu hukumu haina budi kufuata akili na hiari. Ikiwa hao wamesamehewa, ndege atahukumiwaje? Hatendi dhulma anapoua, wala hatendi ihsani anapotuongoza. Anafuata alichotiwa na Muumba wake, basi.

Hapo ndipo hoja ya barazani inapovunjika, na huvunjika mara mbili. Mara ya kwanza, keremkerem dume hulisha makinda pamoja na jike lake. Kwa nini basi hatajwi? Anayesema "watazameni ndege" amekwisha kumchagua ndege wake kabla ya kutazama. Mara ya pili, dume la kweche halikukaa mbele ya walii na mashahidi wawili likasema "nimekubali". Mwanamume alisema. Atakaye udhuru wa ndege, na aridhike pia na daraja ya ndege.

Pengine mtu atauliza: mbona Qurani yenyewe imetusimulia habari ya kunguru aliyemfundisha mwana wa Adamu kumzika nduguye? Ni kweli. Lakini kunguru hakuamrisha kitu. Alifukua ardhi tu. Aliyetazama ndiye aliyejuta. Viumbe ni ishara, na ishara humtaka mwenye akili aipime. Haikutolewa iwe mahali pa kujificha.

Sasa tumtazame keremkerem, kwa sababu wengine humwona ni mfano wa huruma. Sivyo. Yeye hulea kwa kudanganywa. Mama wa mji huu anayemlea yatima wa dada yake ajua kwamba mtoto si wake, ajua kwamba chakula hakitoshi, na bado humpakulia. Thamani ya tendo lake imo katika kule kujua. Ndiyo maana Mtume (s.a.w.), aliyekuwa yatima mwenyewe na akalelewa na ami yake Abu Talib, amemweka mlezi wa yatima karibu naye Peponi kama vidole viwili vilivyoandamana.

Na Uislamu umekataa udanganyifu hata katika huruma. Zaid bin Haritha aliitwa mwana wa Muhammad, mpaka iliposhuka amri katika Suratul-Ahzab kwamba watoto wa kulea waitwe kwa baba zao. Jina lilirudi kwa Haritha, na mapenzi hayakupungua. Kuna faida kubwa katika amri hii: mtoto hapotezi nasaba, na baba hapotezi deni. Mjomba akimlisha mwanao miaka kumi, amefanya wema wake. Wewe wajibu wako haujaondoka. Kila mwanao anapoitwa kwa jina lako, wewe ndiwe unayeitwa.

Wala sisi wazazi tusijitoe lawamani. Mara ngapi anapokuja mposaji twauliza habari ya mahari, dhahabu na magari ya harusi, tusiulize kama humtunza mama yake, au kama ana watoto kwingine na huwalisha? Tukiupenda mkia, tusishangae ukija umebandikwa kwa gundi. Tuulize kabla ya akida. Na baba aliyekwisha kutoroka, wazee na wamwendee. Akikataa, mlango wa Kadhi u wazi, na kumpeleka huko si kumwaibisha, ni kumrudisha katika ubinadamu wake.

Ndege hana dhambi. Sisi twaweza kuwa nayo, na kwa sababu hiyo hiyo twaweza kupata thawabu. Wabillahi tawfiq.