Nusu Sentensi

Hebu nikuulize: ukichukua nusu ya sentensi ya mwenzako ukaijibu hiyo nusu, umemjibu nani?

Sisi vijana tunaoandika tumetawanyika. Mimi niko huku Nyakakika, wengine wako Bukoba, Mwanza na Dar es Salaam. Hadithi tunatumiana kwa barua pepe, na ubishi wote unapita humo humo. Unabonyeza "jibu", maneno ya mwenzako yanakuja yenyewe. Yuko anayeburuta barua nane za zamani ili aandike "safi sana" juu yake. Huyo anatumalizia bando tu, tunamsamehe. Mbaya ni yule anayekata. Dada mmoja aliandika kuhusu hadithi yake: "Mke asiyepigwa hapendwi, ndivyo alivyofundishwa mhusika wangu, na ndivyo alivyokufa." Jamaa akanukuu maneno matatu ya mwanzo, akaweka nukta, akamshambulia. Wengine wakarukia, hakuna aliyeifungua barua yenyewe. Tulipombana jamaa akasema hakuongeza hata neno. Kweli, nukta tu ndiyo yake. Dada hajatuma hadithi tena.

Wapo wanaosema adabu hizi ni za Wazungu na mashine zao. Ni kweli kwamba Oktoba 1995 Sally Hambridge wa kampuni ya Intel alitoa mwongozo wa adabu za mtandao, akashauri anayejibu afupishe aliyoyasema mwenzake au anukuu kiasi cha kutosha kueleweka. Lakini mwanzoni mwa karne ya 19, zama za vita vya Shela, Muyaka bin Haji wa Mombasa na Zahidi Mngumi wa Lamu walijibizana kwa mashairi, na wale walikuwa mahasimu hasa, siyo mchezo. Katika majibizano ya washairi wetu, anayejibu mara nyingi hufuata bahari ya mwenzake, pengine vina vyake na hata kibwagizo. Anajifunga kwa kamba ya mpinzani ndipo apigane. Utaifanyaje kazi hiyo kama hukumsikiliza hadi ubeti wa mwisho? Sisi mashine inatubebea maneno, hatuonji uzito wake.

Kukata si dhambi, jamani. Nani ataweza kunukuu kurasa tano? Mimi najiuliza tu kama mwenyewe akikiona kile kipande atasema, "Naam, hivyo ndivyo nilivyosema," hata kama jibu litamchoma. Nikiona hapana, nanukuu aya nzima. Barua ikirefuka, irefuke.