Moyo wa Mtumishi Mbele ya Mfumo

Mwalimu wa shule ya msingi Kihesa, pale Manispaa ya Iringa, hununua umeme wa LUKU akiwa kitandani, humtumia mama yake kijijini hela ya mbolea kwa simu, na taarifa za kwaya huzipata WhatsApp. Hakuna aliyempeleka semina kwa ajili ya mambo hayo. Lakini mwambie akajaze majukumu yake ya robo mwaka kwenye PEPMIS, mfumo wa Serikali wa kupima utendaji wa watumishi, uso unabadilika. Anaahirisha hadi siku ya mwisho. Bando ni la mfukoni mwake, mfumo unazunguka tu haufunguki, na mwishowe anaingia steshenari, anampa kijana nywila yake, anajaziwa kwa malipo kidogo. Kwenye takwimu za mkoa atahesabiwa kuwa ametumia mfumo. Je, ameukubali?

Viongozi wa dini na wanafalsafa walilitafakari swali hilo karne nyingi kabla ya kompyuta. Mafundisho ya Kiislamu huipa nia nafasi ya kwanza: anayeshinda njaa bila kunuia saumu amekaa na njaa tu. Waraka wa Yakobo unakuja kwa mlango mwingine, unataka imani ionekane kwa matendo. Blaise Pascal, Mfaransa ambaye mawazo yake yalichapishwa mwaka 1670 akiwa ameshafariki, alimshauri asiyeamini aanze tu kufanya yale wafanyayo waumini, na moyo utafuata baadaye. Aristotle alikuwa amefundisha jambo la jirani na hilo: mtu huwa mwadilifu kwa kutenda ya uadilifu.

Watafiti wa kompyuta walipoanza kuuliza kwa nini wafanyakazi wengine huzitumia na wengine huzikwepa, waliingia katika mjadala uleule. Mmarekani Fred Davis alichapisha mwaka 1989 maelezo yaliyoenea dunia nzima: mfanyakazi hupima mambo mawili, kama chombo kitamsaidia kazi yake, na kama hakitamchosha kukitumia. Hapo huzaliwa mtazamo, kisha nia, kisha matumizi. Maelezo hayo yananyooka vizuri pale mtu anapokuwa na hiari. Mtumishi wa umma wa Tanzania hana hiari hiyo. PEPMIS ilichukua nafasi ya OPRAS, ile fomu iliyoanza mwaka 2004, na tangu mwaka wa fedha 2023/24 utendaji wake unapimwa humo. Asiyejaza anajiweka pabaya zamu ya kupanda daraja inapofika. Basi anajaza, na kujaza kwake hakutuambii lolote juu ya moyo wake.

Pascal angesema subirini, mazoea yatamlainisha. Historia ya nchi hii inaonyesha kuwa amesema nusu ya ukweli. Kompyuta ya kwanza Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Haikukataliwa mlangoni, ilipokelewa kwa matumaini, na nyingine zikafuata. Kilichofuata ni mfumo wa hesabu za Serikali ulioshindwa kazi, ukaacha hasara na mahesabu yaliyovurugika, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Marufuku hiyo ilidumu miaka mingi. Waliochukia hawakuwa washamba walioogopa vitufe. Walikuwa watumiaji wa kwanza kabisa, na chuki ilikuja baada ya kutumia.

M-Pesa, iliyoanza Tanzania mwaka 2008, ilienda kinyume chake. Wengi waliipokea kwa mashaka, hela gani hii isiyoshikika? Muamala wa kwanza ukafika, wa pili ukafika, mashaka yakaisha. Mkono uliufundisha moyo mara zote mbili, ila somo lilitegemea kile kilichorudi mkononi.

Hapo ndipo msamiati wa semina za TEHAMA unapopotosha. Mtumishi anayesuasua huitwa mwoga au mwenye fikra za kizamani, na dawa anayoandikiwa ni mafunzo zaidi. Mwanzoni mwa mwaka 2014 wafanyabiashara wa mikoa kadhaa walifunga maduka kupinga mashine za EFD za kutolea risiti. Watu hao walikuwa na simu mbili mbili mfukoni! Walichobishania ni bei ya mashine na nani aibebe. Mafundi wa nguo wa Uingereza waliovunja mitambo kuanzia mwaka 1811 nao walikuwa wakiijua mitambo vizuri. Ugomvi wao ulikuwa juu ya ujira. Mtazamo wa watu kama hao ni hukumu ya kimaadili juu ya mpango mzima: nani ananufaika, nani anagharamia, nani anaaminiwa. Kuuita woga ni kuikataa hoja kabla ya kuisikiliza.

Kihesa yenyewe imewahi kuwa na watu waliolianza jambo hili upande wa pili. Chuo Kikuu cha Iringa, cha KKKT, kilipokuwa bado chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Tumaini, kilianzisha shahada ya teknolojia ya habari mwaka 2007, na Matti Tedre kutoka Finland alikuwa miongoni mwa walimu wake. Badala ya kubeba mtaala wa Ulaya mzimamzima, waliuliza kwanza kompyuta inaishije Iringa: umeme unaokatika, vumbi, intaneti ya kusuasua, vipuri visivyopatikana. Mwanafunzi aliandaliwa kwa mazingira hayo.

Mifumo ya utumishi ingefaa ipitie tanuri hilohilo kabla ya kushushwa shuleni na zahanati. Asilimia za ujazaji zinazosomwa Dodoma zinapima utii, na utii una kazi yake serikalini. Anayetaka kujua kama mfumo umekubalika amwite mtumishi, amlipie bando, kisha amwache aseme haumfai, bila maneno hayo kuingia kwenye tathmini yake ya mwaka.