Mficha maradhi angani

Tarehe 16 Novemba 1973, Wamarekani watatu, Gerald Carr, Edward Gibson na William Pogue, walirushwa kwenda kwenye kituo cha angani cha Skylab. Wote walikuwa wageni wa safari za angani. Pogue aliwahi kuwa rubani wa maonyesho wa Jeshi la Anga, mtu aliyezoea kupinduliwa kichwa chini miguu juu, na ilisadikiwa ana tumbo la chuma. Kumbe ndiye aliyetapika, tena mapema.

Tumbo halijali sifa za mwenyewe. Hapa duniani uzito hukivuta chakula chini, hewa ikabaki juu, nawe ukicheua hutoka hewa tupu. Angani chakula na hewa huelea pamoja, na anayecheua huenda akatoa vyote. Maji ya mwili hupanda kichwani, uso ukavimba. Sikio la ndani, ambalo moja ya kazi zake ni kuujulisha ubongo chini ni wapi, hupoteza dira, na kichefuchefu huanza. Hapo hata kidonge hakitegemeki: kinaweza kukawia tumboni kabla ya kufika utumbo mwembamba, ambako dawa nyingi huingia katika damu, au kikatoka na matapishi. Ndiyo maana mwaka 1989 James Bagian, daktari na mwanaanga, alitumia sindano ya promethazini akiwa angani, dawa isipitie tumboni.

Ndani ya Skylab kila kilicholiwa kiliandikwa, na kila kilichotoka mwilini kilipaswa kuhifadhiwa, matapishi yakiwemo, ili madaktari wajue mwili unapoteza nini. Lakini watatu wale walishauriana wanyamaze. Mfuko wa matapishi utupwe kwenye shimo la taka, na wasimamizi wa safari huko Houston wasiambiwe kwamba Pogue alitapika.

Wakasahau kwamba kinasa sauti kilikuwa kinafanya kazi. Maneno yao yalifika chini yakasomwa. Alan Shepard, mkuu wa wanaanga, akamkaripia Carr redioni, watu wakisikia. Carr hakubisha, alikiri kwamba uamuzi ule ulikuwa wa kijinga.

Pogue alipata nafuu, na safari ikatimiza siku 84. Hata hivyo funzo limebaki. Daktari hutibu kwa hesabu ya yale anayoambiwa. Akijua umemeza dawa, asijue umeitapika, atahesabu dawa isiyokuwemo katika damu yako, na kesho atadhani imeshindwa kazi.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Basi mtoto akitapika muda mfupi baada ya kunyweshwa dawa ya malaria, usione haya wala usingoje kesho. Rudi kwa aliyekupa dawa, umweleze alikunywa saa ngapi na alitapika saa ngapi.