Alizeti Haiangaliwi kwa Simu

Vijana wangu wa mitaa ya Jericho, Maringo, Kaloleni na Kayole jijini Nairobi, nasikia chama chenu kimechanga pesa, mmekodi shamba Machakos na mnataka kupanda alizeti mvua ya vuli ikianza. Nimefurahi. Mafuta mengi ya kupikia tunayotumia Kenya hutokana na mawese ya Indonesia na Malaysia, kwa hivyo mwenye alizeti hapa nyumbani ana soko. Lakini nisikilizeni kabla mbegu haijaingia udongoni.

Hasara ya alizeti huanza mapema. Mche hukua polepole ukiwa mchanga, na majuma manne hadi sita ya kwanza ndiyo huamua mavuno. Katika muda huo kishona-nguo, ndago na terere huunyang'anya maji, mbolea na mwanga. Ukichelewa kupalilia, utapata shamba safi lenye vichwa vidogo na mbegu nyepesi. Alizeti ikishatandaza majani, yenyewe huyafunika magugu. Kazi yenu ni kuifikisha hapo.

Alizeti pia hushindana na alizeti mwenzake, basi acheni tamaa ya kubananisha. Mstari hadi mstari sentimita 75, shimo hadi shimo sentimita 30, na mche mmoja kila shimo. Ekari hubeba kama miche 18,000, nayo yatosha. Ikisongamana, umande hukawia kukauka, na unyevu huo ndio chakula cha kuvu. Kutu hutanda kwenye majani, madoa meusi huanzia chini yakipanda juu, na majani hufa kabla mbegu haijajaa mafuta.

Hatari zaidi ni kuvu inayoozesha shina na kichwa. Huacha vidonge vyeusi vigumu, mfano wa kinyesi cha panya, navyo hukaa udongoni kwa miaka. Kuvu hiyo hiyo hushambulia maharagwe, kabichi, nyanya na karoti. Kwa hivyo mwulizeni mwenye shamba alipanda nini misimu iliyopita. Mkishavuna alizeti, pandeni mahindi au mtama, na msiirudishe hapo kabla ya miaka mitatu au minne. Mmea uliooza ung'oeni mkauchome. Mbegu nunueni iliyothibitishwa, yenye kibandiko cha KEPHIS, shirika la serikali la ukaguzi wa mimea, msichukue ya kuokota kwa jirani.

Wanangu, mkulima ni mmoja, walaji ni wengi, na shambani walaji wa kwanza ni magugu na kuvu. Hawa hawangoji mpate likizo, wala kibarua hatawapigia simu kuwaambia kwamba hajapalilia. Pangeni zamu leo: kila juma mmoja wenu apande matatu, afike shambani, ageuze majani na kutazama chini yake. Kama hakuna aliye tayari kwenda, rudisheni pesa za watu kabla mvua haijanyesha.